Kiboko na Mwana wa Kipanga

Paukwa!

— Pakawa!

Hadithi yangu ya leo haina betri.

— Tutaisukuma!

Ikikataa?

— Tutaisukuma tena!

Na ikiwaka?

— Tutapanda!

Haya pandeni, lakini msinikanyagie viti. Na wewe uliyekaa nyuma, acha kutafuna hayo mahindi. Hadithi ya gari husikilizwa kwa masikio mawili.

Hapo kale, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia tu kwa watu, wanyama wa Bonde la Matete walikuwa wakitembea kwa miguu. Mwenye minne alitembea kwa minne, mwenye miwili kwa miwili, na nyoka alijua mwenyewe. Basi akatokea fundi mmoja, Mzee Nguchiro, mnyama mdogo, mkia mrefu, mikono myepesi. Akaunda gari.

Gari moja tu. Jekundu, la viti viwili, pua imeinama mbele mithili ya mdomo wa kipanga anaposhukia vifaranga. Ndiyo maana wakaliita Kipanga. Likiwashwa lilisema hummm-pa! hummm-pa! Likiondoka lilisema fyuuu! na vumbi likabaki nyuma likiuliza, "Nani huyo kapita?"

Mzee Nguchiro alimpandisha mkewe mpaka kisimani na kurudi, mara mbili tu. Kisha akashikwa na kikohozi, akafa. Akaacha mjane, binti mmoja, na Kipanga.

Siku ya tatu ya matanga akaja Kiboko. Akala sufuria nne za wali, akajifuta mdomo, akasema, "Marehemu alikuwa rafiki yangu kipenzi. Aliniahidi hili gari."

Kobe, aliyekuwa mkubwa wa shughuli, akaingiza kichwa ndani ya gamba. Korongo akatazama kucha zake. Nani abishane na Kiboko juu ya maneno ya maiti?

Kiboko akaenda kwenye gari. Akajaribu kichwa, kikaingia. Akajaribu tumbo, likakataa. Akarudi nyuma, akafungua kinywa, kacha! Akang'oa paa zima kwa meno, akalitema majanini. Tumbo likaingia, ingawa nusu yake ilining'inia nje. Tangu siku hiyo Kipanga likawa gari lisilo na paa, na wanyama wakasema huo ndio mtindo.

Basi mambo yakawa hivi. Kila Ijumaa alasiri Kiboko alilizunguka bwawa. Hummm-pa, hummm-pa, mzunguko wa kwanza. Hummm-pa, hummm-pa, mzunguko wa pili. Wanyama walijipanga kando ya maji, midomo wazi. Na nyuma ya gari Kiboko alikuwa ameandikisha kwa chokaa, kwa herufi kubwa: MWENYE WIVU AJINYONGE.

Sasa tegeni sikio. Kiboko hakupenda mwendo. Mwendo ulimtia kizunguzungu. Hata gari lenyewe hakulipenda, kiti kilimbana mapaja. Alichopenda ni macho. Macho ya wenzake yakimtazama kwa uchu, hayo ndiyo yalikuwa wali wake na mchuzi wake. Akiwa anazunguka alikuwa akiyakagua: la Korongo, lipo. La Nungunungu, lipo. La Ngedere, lipo. Akiona hata jicho moja limetazama pembeni, jioni majani hayamshuki.

Na macho yalikuwapo tele, kwa sababu palikuwa na chama. Chama cha Wapenzi wa Kipanga kilikutana juu ya kichuguu kikubwa karibu na bwawa. Mwenyekiti alikuwa Kobe, ambaye hajawahi kwenda mwendo wa kumtoa jasho, lakini ukimuuliza habari za mwendo utaomba maji ya kunywa kabla hajamaliza. Korongo alijua Kipanga lina nati ngapi na kila nati inatazama wapi. Nungunungu alilia kila liliponguruma. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuketi ndani.

Chama kile kilikuwa na mwiko mmoja, na mwiko wenyewe ni huu: mpenzi wa kweli haulizi kama gari linawaka. Gari hutazamwa. Husifiwa pua, hulaumiwa kiuno, rangi yake hubishaniwa mpaka magomvi. Kuuliza "linawaka?" ni ushamba. Siku moja Ngedere, akiwa bado mgeni chamani, aliuliza hivyo mbele za watu. Walimcheka siku saba, na siku ya nane wakambandika jina. Hata mama yake mzazi alimwita hivyo: "Wee Linawaka, njoo ule!" Ni jina la mpaka uzee. Mpaka kaburini. Shikeni hilo, mtalihitaji mbele.

Na binti wa fundi, je? Tumwite Nguchiro tu, maana baba yake hayupo tena wa kutuchanganya.

Nguchiro aliona wivu. Siwafichi. Kila Ijumaa alikuwa akimchotea mama yake maji, na kutoka bwawani ikaja ile sauti, hummm-pa, hummm-pa. Ilikuwa sauti ya mikono ya baba yake, na mwenye kuitoa ni mtu mwingine. Kijiba cha roho kilimpanda. Mama yake alimwambia, "Mwanangu, achana nalo. Kiboko ni Kiboko." Lakini mama mwenyewe, magoti yakimuuma njia nzima ya kisimani, naye alikuwa akisimama kidogo kila sauti ile ikipita.

Ikafika siku Nguchiro akaenda.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Nani huyo chini? Sikuoni."

"Mimi, binti wa fundi. Naomba gari siku moja tu nimpandishe mama mpaka kisimani. Magoti yanamsumbua."

Kiboko akacheka, tumbo lililoning'inia nje likatikisika. "Mtoto wewe, gari hili si la ukubwa wako."

"Ahsante, bwana," akasema Nguchiro. Akarudi zake nyumbani. Siku ile hakula. Kesho yake akala mayai ishirini, lakini viini tu. Ute wote akauweka kwenye kibuyu.

Mama yake akamwuliza, "Mbona unakula nusu nusu?"

"Nusu nyingine ina kazi, mama."

Akaenda mtoni akakata matete, akayasuka umbo la gari. Pua ikainama, kiuno kikabanwa, makalio yakanyanyuka. Juu yake akakandika udongo laini wa mfinyanzi, akalainisha kwa kiganja. Akapaka ngeu nyekundu. Juu ya ngeu akapaka ule ute wa mayai, mkono wa kwanza, mkono wa pili, mkono wa tatu, mpaka gari likang'aa, ukilitazama unajiona na unajipenda. Magurudumu akakata vipande vya mgomba. Taa akaweka makombe mawili ya konokono. Na chini ya boneti, pale panapokaa injini? Akaweka mawe mawili, pua isipeperuke kwa upepo.

Kisha akalifunika kwa mkeka, akamwambia Korongo, "Usimwambie mtu."

Kabla jua halijageuka, bonde zima lilikuwa uani kwa Nguchiro.

"Ndugu zangu," akasema Nguchiro, amesimama juu ya kinu. "Kipanga limezaa. Hili ni gari la mfano, la siku zijazo. Simameni hatua tatu, rangi ni mbichi. Huyu hapa, Mwana wa Kipanga!"

Akavuta mkeka. Shwaaa!

Mama yangu, kelele!

"Pua!" akapiga ukelele Kobe. "Ile si pua ya Kipanga! Pua ya Kipanga iliinama vidole vitatu, hii imeinama vinne! Ya kale dhahabu!"

"Pua ni nzuri," akasema Korongo. "Kiuno ndicho kimekosewa. Kiuno kimenenepa."

"Kimenenepa wapi? Kimekonda!"

"Wameliharibu!" Nungunungu akalia, machozi yakimtiririka. "Wameharibu utoto wangu! Kipanga lilikuwa maisha yangu!"

"Uliwahi kulipanda?" akauliza mtoto mmoja wa sungura.

"Sijapanda, lakini nalijua rohoni!"

"Mimi nalitaka," akasema mmoja.

"Mimi silitaki, lakini asilichukue mwingine," akasema wa pili.

Ngedere alikuwa amechuchumaa mbele kabisa. Alilitazama gari juu, akalitazama chini, akakuna kichwa. Akafungua kinywa. "Samahani. Hivi, je, li..."

Wote wakamgeukia. Shingo zote, macho yote.

Ngedere akameza mate. "Je, li... litakuwa na rangi nyingine?"

"Ahaa!" wakasema wote. "Hilo ndilo swali!" Na wakaanza kubishana juu ya rangi.

Walibishana siku ya kwanza, wakabishana siku ya pili, wakabishana siku ya tatu. Waliopenda pua wakawanunia wasiopenda pua. Mke wa Korongo akahamia kwa mama yake kwa sababu ya kiuno. Na siku ya tatu ilikuwa Ijumaa, na hakuna aliyekumbuka kuwa ni Ijumaa.

Isipokuwa Kiboko.

Kiboko alioga, akajipangusa, akajibana garini. Hummm-pa, hummm-pa, mzunguko wa kwanza. Akatafuta jicho la Korongo. Halipo. Akatafuta la Nungunungu. Halipo. Hummm-pa, hummm-pa, mzunguko wa pili. Kando ya maji palikuwa na nyasi tu, na juu ya jani moja, Chura.

Kiboko akasimamisha gari. "Wako wapi watu?"

"Shikamoo, bwana," akasema Chura. "Wameenda kumwona Mwana. Hata mimi ningeenda, ila jua kali. Wasema anang'aa huyo! Wasema la zamani sasa ni la kubebea kuni."

"La zamani lipi?"

Chura akalitazama Kipanga, akamtazama Kiboko, akaona heri maji. Chubwi!

Jioni ile Kiboko alikwenda malishoni, majani hayakushuka. Alikunywa maji, maji yakasimama njiani. Alilala ubavu wa kulia, akamwona Mwana wa Kipanga, ambaye hajapata kumwona. Akageukia ubavu wa kushoto, akayaona macho ya bonde zima yakimtazama mtu mwingine. Hilo la pili ndilo lililomuuma zaidi. Tangu azaliwe Kiboko alikuwa ameonewa wivu. Kumwonea mtu wivu ilikuwa kazi mpya kwake, na aliifanya kwa nguvu zake zote. Alisaga meno mpaka mamba wakahama.

Kulipokucha akaenda kwa Nguchiro, akijifanya anapita.

"Hodi hapa."

"Karibu, Bwana Kiboko. Umepotea njia?"

"Nimekuja kutafuta majani."

"Majani ya huku makavu, bwana."

"Nayapenda makavu." Jicho lake lilikuwa kwenye mkeka. "Pale pana nini?"

"Pale? Si kitu. Gari tu." Nguchiro akafunua mkeka kidogo, kiasi cha taa moja na nusu ya pua. Jua likapiga juu ya ule ute wa mayai, likametameta. Kiboko akajiona mle ndani. Alijiona mwembamba. Moyo ukamwenda mbio.

"La nani?"

"La Kifaru wa ng'ambo. Anakuja kesho, jua la utosi."

"Kifaru!" Kiboko akatoa pumzi, majani ya paa yakapeperuka. "Kifaru haoni hata ncha ya pembe yake! Ataonaje uzuri wa gari?"

"Hataki kuona, bwana. Anataka kuonwa."

Neno lile lilimwingia Kiboko kama mwiba wa samaki. Alikohoa, halikutoka. "Nalichukua mimi," akasema. "Sasa hivi."

"Chukua, bwana. Mimi ni nani wa kukuzuia? Hata lile la kwanza ulilichukua." Nguchiro akainama, akaanza kufagia. "Ila tu..."

"Ila nini?"

"Basi, si kitu."

"Sema!"

"Watu, bwana. Utakuwa na mawili. Wapenzi wa la zamani watatazama la zamani. Wapenzi wa jipya watatazama jipya. Macho yatagawanyika. Sasa wewe uliye katikati, atakutazama nani?"

Kiboko hakuwahi kuwaza jambo gumu hivyo. Akawaza mpaka nzi wakamtua usoni. Mwisho akasema, "La zamani nitalitupa mtoni."

"Hapo umenena! Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Tupa mtoni, bwana. Mpe Mamba, mpe Chura, mpe yeyote." Nguchiro akaangusha ufagio, akapiga magoti, akashika unyayo wa Kiboko. "Ila chonde chonde, nakuomba kwa roho ya baba yangu, usinipe mimi!"

"Kwa nini usipewe wewe?"

"Nitalitia wapi, bwana? Lina moshi, halina paa. Wenzangu watanicheka: tazameni binti wa fundi, kaunda jipya kapanda kuukuu! Na Kifaru akipita atanicheka. Na wewe ukipita na jipya lako, bwana, utanicheka, nami nitakufa kwa wivu."

 Tabasamu likaanza kwenye sikio moja la Kiboko, likatembea, likafika sikio la pili, meno yote nje. Hakuna kitu kilichowahi kumpendeza hivyo. Awe na jipya, sawa. Lakini awe na jipya na mtu afe kwa wivu kila siku mbele yake, tena ndani ya gari kuukuu! Hiyo ilikuwa zaidi ya wali na mchuzi.

"Kesho asubuhi," akasema. "Kichuguuni, mbele ya chama chote. Nakupa lile kuukuu, na utalipokea, utake usitake."

"Mama yangu, nimekwisha!" akalia Nguchiro. Akalia mpaka Kiboko akaondoka. Kisha akaenda majanini, akatafuta paa la Kipanga lililotemwa siku ile ya matanga, akaanza kulisugua kutu.

Asubuhi bonde zima likajaa kichuguuni. Mwana wa Kipanga aliletwa akiwa amebebwa na ngiri wanane, na hakuna aliyeuliza kwa nini gari linabebwa. "Ni heshima," akasema Kobe, na wote wakaitikia.

Kiboko akaja na Kipanga. Hummm-pa, hummm-pa. Akashuka, akaushika ufunguo juu kila mtu auone, akautupa miguuni mwa Nguchiro.

"Shika takataka yako!"

Watu wakacheka. Nguchiro akauokota ufunguo, uso ameuinamisha. Kiboko alidhani ni aibu. Nguchiro akajifuta macho, akasema kwa sauti ndogo, "Basi, bwana, na hili ni lako. Litazame vizuri. Uliza lolote kabla sijaondoka, nisije nikaonekana nimekudanganya."

Na hapo, wapenzi wangu, hapo ndipo.

Kiboko alilitazama gari. Kwa mara ya kwanza akaliona kwa karibu, na kitu fulani mgongoni kikamwasha. Magurudumu yalikuwa yananuka ndizi. Nzi wawili walikuwa wametua kwenye boneti, na walikuwa wanalamba. Swali likaanza tumboni mwake. Likapanda kifuani. Likafika kooni, likabisha hodi nyuma ya meno. Akafungua kinywa. "Hivi, Nguchiro, hili gari, je, li..."

 Kobe akatoa kichwa nje ya gamba, chote. Nungunungu akaacha kulia. Na pale mbele, amechuchumaa, Ngedere alimtazama Kiboko kwa macho ya huruma, kama mtu anayemwona ndugu yake akija.

Kiboko akaliona lile jicho. Akasikia jina. Akajisikia akiitwa, asubuhi na jioni, bwawani na malishoni: Linawaka! Wee Linawaka! Jasho likamtoka.

Akalimeza lile swali. Lilishuka kwa shida, gudu.

"Hivi hili gari," akasema, "li... lina pua nzuri sana."

Wakapiga makofi! Waliopenda pua wakabebana. Nguchiro akainama kwa adabu, akarukia Kipanga, akawasha. Hummm-pa! Fyuuu! Likabaki vumbi.

Haya. Kiboko sasa yuko na gari lake, na macho yote ya bonde yako kwake. Yote! La Korongo lipo, la Nungunungu lipo, mpaka la Chura lipo. Alitamani siku hiyo tu maishani. Akapanda kwa madaha. Akatia mguu wa kwanza, kacha. Wa pili, kacha. Akakaa, kachakacha-puu! Sakafu ikatoka. Matete yakamkumbatia kiunoni, na miguu yake yote minne ikakanyaga ardhi.

Akashika kijiti kilichochomekwa mahali pa ufunguo, akakizungusha. Kimya. Akakizungusha tena. Kimya. Lile swali alilolimeza likawa linamcheka tumboni.

Watu wakangoja.

Afanye nini? Aseme haliwaki? Ndilo neno lile lile. Ashuke? Kiuno kimekwama. Basi Kiboko akafumba macho, akavuta pumzi, akatumia mdomo wake mwenyewe.

"Huuum-hu! Hu! Hu! Hu!"

Akaanza kutembea. Gari likatembea naye.

"Linakwenda!" akasema Korongo.

"Sauti si ile," akasema Kobe, akitikisa kichwa kwa masikitiko. "Sauti ya zamani ilikuwa na kifua. Lakini vijana wa leo wataipenda."

Kiboko akazunguka bwawa. Huuum-hu, hu, hu, hu, mzunguko wa kwanza. Huuum-hu, hu, hu, hu, mzunguko wa pili. Jua likapanda. Mgongo ukaungua, nyayo zikatoka malengelenge, lakini macho yalikuwa yakimtazama na hakuthubutu kusimama. Alikuwa kwenye mzunguko wa saba, ulimi nje, aliposikia nyuma yake sauti aliyoijua.

Hummm-pa. Hummm-pa.

Kipanga likampita. Lina paa! Paa lina alama za meno, lakini limekaa mahali pake. Ndani yake Nguchiro, na pembeni yake mama yake, mtungi wa maji mapajani, ushungi unapepea. Lilikuwa zuri kuliko siku zote, na hapo ndipo Kiboko alipolipenda, kwa mara ya kwanza, kwa moyo wake wote, wakati liko mikononi mwa mwingine. Wivu ulimpanda mpaka akaona giza. Macho ya bonde zima yakageuka, yote kwa pamoja, yakalifuata Kipanga. Na Kiboko naye akalifuata kwa macho, na akasoma, kwa chokaa, kwa herufi kubwa alizoandikisha mwenyewe: MWENYE WIVU AJINYONGE.

Nguchiro hakuyafuta maneno yale. Alikuwa ameyapaka chokaa mpya.

"Tulisema tangu mwanzo," akasema Kobe kichuguuni. "Ya kale dhahabu."

Ikaja mvua. Udongo ukayeyuka, ngeu ikatiririka, ngiri wakaja wakala magurudumu. Kiboko hakuwa na pa kuficha uchi wake na aibu yake, akaingia majini. Akajizamisha mpaka kikabaki kilichokuwa lazima: pua ya kupumulia, na macho mawili ya kuangalia kama kuna anayemwangalia.

Na mpaka leo, mkipita karibu na mto wenye viboko, nyamazeni msikilize. Huuum-hu! Hu! Hu! Hu! Wasiojua husema anaunguruma. Sisi tunajua. Bado anaona haya kusema haliwaki.

Funzo lake? Sijamaliza, kaeni.

Funzo la kwanza: wivu haujengi. Msinitazame hivyo. Najua Nguchiro alijenga, tena kwa matete na ute wa mayai, lakini nimeambiwa niwafunze hivyo nami nawafunza. Funzo la pili: mtu mwenye adabu haulizi maswali ya kishamba. Muulizeni Ngedere, ambaye sasa anaitwa Linawaka na kila mtu isipokuwa Kiboko. Kiboko humwita "ndugu yangu".

Na kama mnadhani Nguchiro hakuambukizwa, nendeni Ijumaa alasiri pale kichuguuni. Anapita na mama yake, maji walishachota asubuhi. Anapita mara ya kwanza polepole. Halafu anageuza, anapita tena, aone nani hakutazama.

Hadithi imezima hapo. Shukeni!

— Tushuke?

Asiyeshuka atasukuma.